Binti anataka usanifu majengo Nairobi na nyumba nzima ina maoni yake. Wazazi wa Lamu, nyinyi mlifanyaje?

Mama wa Langoni

Salaam aleikum wazazi wenzangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili halijatupa usingizi tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke.

Binti yangu kapata B+. Alhamdulillahi, kajitahidi mno. Sasa KUCCPS, ule mfumo wa serikali wa kupangia wanafunzi vyuo, imefunguliwa na kila mtu wa ukoo ana chuo chake. Baba yake asema asivuke Kilifi: Chuo Kikuu cha Pwani kipo, ni cha serikali, na akiugua mtu aweza kupanda basi la alfajiri Mokowe akamfikia siku ile ile. Ami yake asema uuguzi, kwa sababu muuguzi halali njaa. Bibi yake hataki hata kusikia jina la Nairobi. Mwenyewe ataka usanifu majengo, Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kule Juja. Miaka sita!

Si jambo la jana kwake. Likizo iliyopita alichukua tepu ya fundi akapima nyumba ya bibi yake chumba kwa chumba: unene wa kuta, kimo cha dari, hata zidaka, vile vishubaka vya ukutani, alizipima. Kisha akauliza kwa nini vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kiasi kile. Bibi akamwambia ni boriti, mkoko hautoi boriti ndefu kupita hapo, basi chumba hufuata boriti. Aliandika maneno yale kwenye daftari kama mtu aliyeokota dhahabu. Mimi mamake nimeishi ndani ya nyumba hizo umri wangu wote na sikuwahi kuuliza.

Msimamo wangu ni huu: sitaki kumchagulia, na wala sitaki kumwacha peke yake mbele ya kompyuta ya saiba, duka la intaneti. Naamini mzazi ana kazi ya kufanya hapo katikati. Nataka kujua kazi hiyo hufanywaje, hasa kwa sisi ambao hatukupita chuo kikuu. Pesa zinanitisha. Umbali unanitisha. Lakini linalonitisha zaidi ni kumwona mwanangu akisoma miaka minne kitu asichokipenda kwa ajili ya kuturidhisha.

Mwalimu wa Mpeketoni

Waleikum salaam mama. Hongera kwa binti, na hongera kwako kwa kuuliza mapema, maana wengi huja kwangu dirisha la maombi likiwa limebaki na siku mbili.

Nianze na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumbani huwa ni wa watu wanaobishana bila kujua pointi zinasemaje. Ile B+ ni gredi ya jumla, inatokana na masomo saba, na jumla ya juu kabisa ni 84. KUCCPS haipangi watu kwa gredi hiyo peke yake. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne inayoyatazama, na klasta ya juu kabisa ni 48. Kwa hiyo watoto wawili wa darasa moja, wote B+, mmoja anaweza kuingia kozi fulani na mwenzake akaikosa, kwa sababu mmoja alizipata alama zake kwenye hesabu na fizikia na wa pili kwenye historia na dini. Na huyo huyo aliyekosa hapa anaweza kuwa na nguvu kuliko mwenzake kwenye kozi nyingine.

Mwache binti afungue akaunti yake mwenyewe wewe ukiwa umeketi kando. Ataingia kwa namba yake ya mtihani ya KCSE na mwaka aliofanya, na nenosiri la kuanzia ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ile iliyotumika kumsajili. Akishaingia atafute kozi anayoitaka. Ataona pointi zake za klasta kwa kozi hiyo, na ataona pia pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita katika kila chuo. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Msibishane tena kama Nairobi ni mbali kabla hamjajua kama Nairobi itamchukua.

Za mwaka jana si ahadi. Hupanda na kushuka kulingana na walioomba. Pointi zake zikiwa chini kidogo, aweza kujaribu. Zikiwa chini sana, asilipoteze chaguo.

Kuhusu uuguzi wa ami yake, siupingi. Ni kozi nzuri, na Pwani wanayo. Lakini muulize ami kwa heshima: je, binti amewahi kusema anapenda kazi ya wodi? Nimefundisha miaka mingi, na mtoto aliyesukumwa kwenye kozi hutambulika mapema kwa jinsi anavyoacha kuizungumzia.

Baba wa Shela

Nami natoa langu kama mzazi wa kiume, na naomba mniwie radhi kama litasikika la kizamani. Mume wa huyu mama si mjinga. Sisi tuna kisiwa. Mtoto akiwa Nairobi na jambo likatokea usiku, mimi natoka hapa kwa boti mpaka Mokowe, nasubiri basi la alfajiri, nashika njia ya Witu na Garsen yenye vizuizi vya usalama, nafika Mombasa jioni, halafu ndiyo naanza safari ya Nairobi. Mtu wa Thika hana habari na haya. Kwa nini tuonekane tunawazuia watoto wakati tunahesabu njia?

Pwani na TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, vilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kabla ya hapo tulikuwa tukilalamika kwamba serikali imetusahau. Tumeletewa vyuo mlangoni, sasa watoto wetu wavipite wakaende bara?

Mama wa Langoni

Baba wa Shela, maneno yako ndiyo maneno ya mume wangu, hata mpangilio ni ule ule. Siyadharau hata kidogo. Ila nikuulize: kama kozi anayoitaka haimo katika orodha ya chuo cha karibu, ukaribu wake utamfaa nini?

Mwalimu, tumefungua akaunti jana. Klasta yake kwa usanifu majengo iko juu kidogo ya pointi za mwaka uliopita kwa chuo kimoja, na chini kidogo kwa kingine. Alipoona pointi zake mwenyewe pale kwenye skrini alinyamaza, kisha akaanza kuandika majina ya kozi nyingine zilizo karibu nayo bila kuambiwa na mtu.

Binti wa Faza

Shikamoo wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi, niko mwaka wa tatu Nairobi, kozi nyingine ya ujenzi, na kwetu ni Faza. Naomba nizungumze kwa niaba ya huyo mdogo wangu.

Baba wa Shela, njia uliyoieleza ni kweli na naijua kwa mwili. Lakini hatuipiti kila wiki. Tunaipita muhula unapofungwa. Mimi nalala Mombasa kwa khalati, dada wa mama, asubuhi napanda treni Miritini. Kilichonisaidia wala haikuwa umbali mfupi. Baba yangu kabla sijaondoka alinitafutia watu. Alipiga simu kwa kila mtu wa Faza aliyemjua Nairobi, akapata mama mmoja Eastleigh, akampeleka salamu, na siku ya kuripoti tulishukia kwake. Mpaka leo nikiugua yeye ndiye wa kwanza kujua. Kuna pia jumuiya ya wanafunzi Waislamu chuoni, kuna msikiti, kuna wenzetu wa Pwani wanaopika pamoja Ijumaa. Msichana wa Lamu hatupwi jangwani.

La pili ni pesa, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona wenzangu wakilia. Kupangiwa chuo na KUCCPS si kupata pesa. Ni maombi mawili tofauti. Tangu mwaka 2023 msaada wa serikali unagawanywa kwa kuangalia hali ya familia na gharama ya kozi: kuna ufadhili usiorudishwa, kuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaorudishwa, na kuna sehemu ya mzazi. Usipoomba kwenye tovuti ya HEF, ile ya kuombea msaada huo wa serikali, unaonekana kama mtu asiyehitaji kitu, na karo yote inakukalia kichwani. Na ufadhili ule usiorudishwa ni wa waliopangiwa vyuo vya umma. Anayechagua chuo cha binafsi hupata mkopo tu. Kuna wazazi huweka chuo cha binafsi kwenye orodha kwa sababu kiko karibu na nyumba ya jamaa, wakagundua jambo hili baadaye.

Ili aombe atahitaji kitambulisho chake, nakala za vitambulisho vya wazazi, wadhamini, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Kama ametimiza miaka 18, kitambulisho aanze kukishughulikia leo. Sisi wa visiwani tunajua kinavyoweza kukawia.

Na hata pesa zikikubaliwa, hazifiki siku ya kuripoti. Wiki za mwanzo ni za mfuko wa mzazi: kitanda, chakula, nauli. Kwa usanifu majengo ongeza vifaa vya kuchorea, karatasi kubwa kubwa, kadibodi na gundi za kutengeneza vielelezo, halafu kompyuta yenye nguvu, maana programu za kuchorea hazifunguki kwenye kompyuta dhaifu. Rafiki yangu wa kozi hiyo hulala studio wiki ya kuwasilisha kazi. Yeye anaipenda, ndiyo maana anavumilia. Asiyeipenda hafiki mwaka wa pili.

Ami wa Malindi

Mimi niko Malindi lakini naingilia kwa sababu habari zetu ni zile zile. Kijana wangu alipata gredi ya kumwingiza chuo kikuu, akasema anataka diploma ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Ukoo ulichachamaa. Watu wakaniambia nimemwacha mtoto ajishushe. Nilichofanya ni kumwomba anieleze kwa nini, nikanyamaza nikamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwa baba wa Kipwani si rahisi. Alikuwa na sababu zake na alikuwa ameulizia kwa wanaosoma hapo hapo Malindi. Sasa yuko hospitali anafanya kazi, na anapanga kuendelea na digrii.

Sisemi kila mtu afuate njia yake. Nasema mtoto wa miaka 18 akikueleza sababu tatu zenye mashiko, na wewe unayo moja tu ambayo ni "watu watasemaje", basi yeye ndiye amefikiri.

Swali kwa mama wa Langoni: kwa kozi ya miaka sita, mmeketi mkahesabu mwaka wa tano na wa sita? Wengi huhesabu mwaka wa kwanza, wakafanya harambee, wakasindikiza mtoto kwa vifijo. Mwaka wa tatu simu za karo huanza kupokelewa kwa shida. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, huombwa kila mwaka na kiasi chake hakina uhakika, msiweke kama nguzo ya nyumba.

Mama wa Langoni

Ami, swali lako tumelipeleka mezani jana usiku. Mume wangu alichukua kalamu. Tuliandika kinachoingia kwa mwezi kutoka dukani na kinachotoka, mbele ya binti mwenyewe. Nilisita kidogo, maana si desturi yetu kuwafunulia watoto mambo ya pesa, lakini namshukuru Mungu tulifanya. Aliona kwamba mdogo wake atakuwa anamaliza sekondari yeye akiwa katikati ya kozi. Akauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyeliwaza: je, kuna kozi ya miaka minne inayomfikisha karibu na kazi ile ile?

Mwalimu wa Mpeketoni

Zipo, na ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Kuna ukadiriaji wa gharama za ujenzi, kuna usimamizi wa ujenzi, mipango miji. Upimaji ardhi nao uko karibu, ila kwa kawaida ni miaka mitano. Si usanifu majengo, asidanganywe kwamba ni kitu kimoja. Lakini zote zinamweka kwenye majengo na miji, na Lamu inahitaji watu wa fani hizi kuliko tunavyodhani. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuvunja ukuta ukajenga unavyotaka. Na upande wa pili kuna bandari mpya ya Lamu ya mradi wa LAPSSET, gati la kwanza lilifunguliwa 2021, ardhi inapimwa na kugawanywa kila siku, na wanaopima wengi hawatoki hapa. Mimi hilo huniuma.

Jambo jingine ambalo wazazi hulisahau kabisa. Kuna kozi ambazo shahada peke yake haitoshi, lazima bodi ya taaluma ikusajili. Msanifu majengo na mkadiriaji husajiliwa na bodi yao, BORAQS. Mhandisi, bodi ya wahandisi, EBK. Muuguzi, Baraza la Wauguzi. Kabla ya kuweka chuo chochote kwenye orodha, hakikisheni kozi ile katika chuo kile inatambuliwa na bodi husika. Wapo vijana waliohitimu kisha wakaambiwa shahada yao haisajiliki. Kuuliza ni barua pepe moja tu, na binti aiandike mwenyewe.

Orodha ina machaguo sita kwa digrii: 1a, 1b, 1c, halafu 2, 3 na 4. Zile tatu za kwanza mwekeeni anachokipenda hasa, katika vyuo tofauti. Zilizobaki zishuke kwa pointi hatua kwa hatua. Na kila moja iwe ni kozi ambayo akipangiwa ataipokea kwa moyo, maana mfumo ukimpeleka kwenye la nne, hilo ndilo limekuwa.

Fundi Chokaa

Mama, mimi ni fundi wa kukarabati nyumba za kale hapa Lamu. Sijasoma chuo. Lakini wasanifu huja na ramani zao kutoka Nairobi, na ukuta wa matumbawe hawaujui. Wapo hupaka saruji juu ya chokaa, ukuta ukanyonya maji ya chumvi ukakosa pa kuyatolea, baada ya masika mbili unabomoka wenyewe. Mtoto anayejua kwa nini chumba kinafuata boriti, huyo mumpeleke shule. Kabla hajaondoka mleteni aje atuone tukichoma na kuvundika chokaa. Bure, na nitafurahi.

Mama wa Hindi

Samahani naingiza langu. Wangu kapata C. Naona hapa mnazungumza B+ na mimi nimekaa kimya kwa unyonge.

Mwalimu wa Mpeketoni

Hapana unyonge hapo mama. Digrii inataka C+ na kuendelea, ni kweli. Kwa C yuko kwenye diploma, na anaomba kwenye KUCCPS hiyo hiyo, vyuo vya ufundi na hata KMTC. Kutoka diploma watu huendelea mpaka digrii, kama alivyosema Ami wa Malindi. Muulize anapenda kufanya nini kwa mikono yake, kisha uje tuzungumze.

Na wenye watoto walioko Gredi ya 10 msidhani haya yako mbali. KCSE ya mwisho ni 2027. Hawa wa CBC, mtaala mpya, wameshachagua njia moja kati ya tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na njia hiyo ndiyo itakayowafungulia kozi kesho. Ketini nao sasa.

Binti wa Faza

Nyongeza kwa usalama wa akaunti. Binti asimwachie mtu wa saiba nenosiri lake. Abadilishe la kwanza alilopewa na asiliandike kwenye daftari la pale. Kuna mwenzetu aliomba ualimu, akajikuta amepangiwa kozi ambayo hakuwahi hata kuisikia, kwa sababu aliyemsaidia kujaza aliingia tena akabadilisha. Mmalizapo, mchapishe ukurasa wa machaguo, kisha aingie tena kesho yake ahakikishe yamekaa.

Na kama atapangiwa asichokitaka, upo muda wa kuomba uhamisho baada ya matokeo ya upangaji, mradi pointi zake zifike kwenye kozi anayohamia na nafasi iwepo. Lakini usiutegemee.

Mama wa Langoni

Tumejaza. Kakaa na baba yake, mimi nikipika, nawasikia. Orodha ni hii:

1a Usanifu majengo, Nairobi
1b Usanifu majengo, JKUAT
1c Usanifu majengo, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya
2 Ukadiriaji wa gharama za ujenzi, Nairobi
3 Mipango miji, Nairobi
4 Upimaji ardhi, Nairobi

Baba yake alimuuliza swali moja tu: "Ukipangiwa la nne, utakwenda kwa furaha?" Akafikiri, akasema atakwenda. Ami yake nimemweleza mwenyewe kwa simu. Alinuna kidogo, kisha akauliza kompyuta ya kuchorea yauzwaje.

Mwalimu wa Mpeketoni

Orodha nzuri. Tazameni tena la nne. Kama pointi za upimaji ardhi pale Nairobi ziko karibu na klasta yake, hilo si la kujilinda, linaweza kuponyoka pamoja na ya juu. Tafuteni chuo kingine cha umma chenye kozi hiyo ambapo mtu wa mwisho aliingia kwa pointi za chini zaidi, muwe na nafasi ya kupumua. Na TUM msiisahau, wana mambo ya ujenzi na uhandisi, na Mombasa ni nyumbani.

Mama wa Langoni

Tumebadilisha la nne usiku huu. Ada imelipwa kwa eCitizen, ukurasa umechapishwa. Asubuhi anakwenda ofisi ya kitambulisho na baba yake, halafu alasiri kwa Fundi Chokaa.

Baba wa Shela

Mola amfungulie. Binti wa Faza, wangu yuko kidato cha nne mwaka huu. Huyo mama wa Eastleigh uliyemtaja, ana nafasi ya kupokea salamu za mzazi mwingine? Na hosteli za chuo huombwaje, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele au ni kuwahi?

Binti wa Faza

Nitamuuliza mzee wangu leo leo, inshallah hatakataa. Hosteli kwetu huombwa kwenye tovuti ya chuo baada ya kupata barua ya kujiunga, na nafasi hujaa haraka, kwa hiyo siku barua inapotoka awe na intaneti na ada ya chumba tayari. Akikosa, asikodi chumba chochote kwa simu kabla ya mtu kwenda kukiona. Mwambie anitafute mimi, nitakwenda kukitazama.